"Voir dire" kwenye hukumu: maana yake hasa ni nini, limetoka wapi, na Kiswahili chake kiandikwe vipi?

Kalamu Nyeusi:

Wakuu, salaam. Nina hukumu mbili za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za kutafsiri kwenda Kiswahili, na nimekwama kwenye neno moja. Hukumu ya kwanza ni kesi ya ubakaji: mrufani analalamika kwamba hakimu alimsikiliza mtoto wa miaka tisa "bila voir dire". Ya pili ni ya mauaji. Mshtakiwa alipinga maelezo yake ya onyo (yale polisi wanayoyaandika baada ya kumwonya mshukiwa), Mahakama Kuu ikafanya "voir dire" kabla ya kuyapokea. Halafu ukisoma habari za mahakama za Marekani unakuta neno hilohilo likitumika wanapochagua watu wa juri, yaani raia wanaoamua kesi.

Kifaransa cha shuleni kinaniambia *voir* ni kuona na *dire* ni kusema, lakini "kuona kusema" haikai popote. Naomba maana, asili, na kama kuna Kiswahili kimoja kinachobeba yote matatu. Pia kuna mtu kaniambia Tanzania jambo hili lilishafutwa. Kama lilifutwa, mbona hukumu za miaka ya karibuni bado zinalitaja?

Kifungu kwa Kifungu:

Nianze na asili, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini neno moja linafanya kazi tatu.

*Voir* hii si ile ya kuona. Kuona kwa Kifaransa kunatokana na Kilatini *videre*. *Voir* ya mahakamani inatokana na *verum*, yaani kilicho kweli. Katika Kifaransa cha zamani neno la ukweli lilikuwa *voir* (Wanormani waliokaa Uingereza waliandika pia *veir*), kwa hiyo *voir dire* ni "kusema kweli". Maneno mawili yenye asili tofauti yaligongana kwa tahajia, na la ukweli likatoka kwenye matumizi ya kawaida likabaki kwa wanasheria. Ukitaka ndugu yake aliye hai, tazama *verdict*, neno la Waingereza la uamuzi wa juri: ni *ver* na *dit*, "lililosemwa kweli".

Lilivyofika Uingereza inajulikana. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, baadaye kikawa lugha ya mabishano ya mahakamani. Sheria ya 1362 iliagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza, lakini wanasheria waliendelea kuandika kwa Kifaransa chao cha kisheria kwa karne kadhaa zaidi. Sheria iliyoanza kutumika 1733 ndiyo iliyolazimisha Kiingereza kwenye kumbukumbu za mahakama. Maneno yaliyokwisha kuzoeleka yakabaki, hili likiwemo.

Sasa shika hili: mwanzoni *voir dire* lilikuwa jina la kiapo, na kiapo hicho ni tofauti na kile cha shahidi wa kawaida. Shahidi wa kawaida anaapa kusema ukweli, ukweli mtupu, kuhusu shauri lililo mbele ya mahakama. Anayeapishwa kwa *voir dire* anaapa kujibu kwa kweli maswali yote atakayoulizwa na mahakama, basi. Maswali yenyewe ni ya mlangoni: wewe ni nani, unafaa kuwa shahidi, una maslahi katika kesi hii, karatasi hii ilipatikanaje? Hayagusi kama mshtakiwa alitenda kosa au la. Kutoka jina la kiapo, likageuka jina la mahojiano yanayofuata kiapo hicho.

Kwa hiyo mtoto, maelezo ya onyo na watu wa juri wanaunganishwa na jambo moja: maswali ya awali, nje ya kiini cha kesi, ili mahakama iamue kama mtu huyu au ushahidi huu uingie au ubaki nje.

Tahajia: kwenye hukumu zetu utakuta pia "voire dire". Ni kitu kilekile, usikitafsiri tofauti. Matamshi hayana kanuni moja. Uingereza husikika karibu na "vwaa dia", na majimbo ya kusini ya Marekani husema kitu kama "vor daya".

Kivu na Kalamu:

Nyongeza kwa wanaojua Kifaransa. Neno hilo la zamani halikufa lote. Kifaransa cha leo kina *voire*, chenye "e" mwishoni, kinachomaanisha "na hata", "tena zaidi ya hapo". Kinatokana na Kilatini *vera*, ukoo uleule wa ukweli. Kwa hiyo ile "voire dire" yenye makosa inakaribia asili kuliko inavyoonekana.

Lakini usimuulize wakili wa Ufaransa au wa Kongo maana ya *voir dire*, atakushangaa. Kwa utaratibu wetu wa Kongo jaji mwenyewe ndiye anayeongoza maswali, na hatua hii haipo kwa jina hilo. Kwa Kifaransa utaikuta Kanada, kwa kuwa sheria yao ya jinai inafuata mfumo wa Uingereza.

Baraza la Chini:

Nijibu la mtoto, kwa sababu hapo ndipo tafsiri inaweza kupotosha hukumu.

Kwanza, ukifungua Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, kifungu cha 127, hulikuti neno *voir dire*. Ni jina la mazoea ya majaji na mawakili. Kifungu chenyewe, kabla ya 2016, kilisema hivi kwa ufupi: mtoto wa umri mdogo asiyeelewa maana ya kiapo anaweza kutoa ushahidi bila kuapa, ikiwa mahakama inaona ana akili ya kutosha na anaelewa wajibu wa kusema ukweli, na maoni hayo ya mahakama yaandikwe kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi. Mtoto wa umri mdogo ni yule ambaye umri wake unaoonekana hauzidi miaka 14.

Mahojiano ya kufikia maoni hayo ndiyo yaliyoitwa *voir dire*. Hakimu anauliza: una miaka mingapi, unasoma darasa la ngapi, unakwenda msikitini au kanisani, kiapo ni nini, ukisema uongo inakuwaje? Kisha anaamua moja kati ya matatu: aapishwe, atoe ushahidi bila kuapa, au asisikilizwe kabisa.

Kesi nyingi zilivunjikia hapo. Hakimu anaandika "mtoto ameulizwa na ana akili", lakini maswali na majibu hayapo. Au anapima akili na kusahau wajibu wa kusema ukweli. Au anaona mtoto haelewi kiapo, halafu anamwapisha. Mwaka baada ya mwaka ushahidi wa watoto ulikuwa unapunguzwa uzito au kufutwa kwenye kumbukumbu, na mara nyingi mtoto huyo ndiye shahidi pekee aliyeona. Mahakama ya Rufani ilifika mahali ikakaa jopo la majaji watano kulijadili, katika Kimbute Otiniel dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 300 ya 2011.

Bunge likabadilisha. Sheria namba 4 ya 2016, iliyoanza kutumika 8 Julai 2016, iliandika upya kifungu cha 127(2). Mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kuapa wala kuthibitisha (kiapo kisicho cha dini), lakini kabla ya kutoa ushahidi aahidi kuiambia mahakama ukweli na kutosema uongo. Kile kipimo cha akili kikaondoka, ikaja ahadi.

Kwa hiyo aliyekuambia "kilifutwa" yuko sahihi nusu. Maswali hayakwisha. Katika Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 168 ya 2018, Mahakama ya Rufani ilieleza maswali mepesi ambayo hakimu anaweza kumwuliza mtoto: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ikasisitiza kwamba ahadi iandikwe kabla ushahidi haujaanza kuchukuliwa. Swali la kiapo limo kwa sababu kifungu hakimkatazi mtoto kuapa. Issa Salum Nambaluka, rufaa namba 272 ya 2018, inaliweka wazi hilo: anayeelewa kiapo aape au athibitishe kama mtu mzima, asiyeelewa ndiye wa ahadi.

Kwenye mwenendo uliokaa vizuri utaona mistari kama hii:

"Mahakama: Una miaka mingapi? – Mtoto: Tisa.
Mahakama: Dini yako? – Mtoto: Muislamu.
Mahakama: Unajua kuapa ni nini? – Mtoto: Sijui.
Mahakama: Unaahidi nini kwa mahakama? – Mtoto: Naahidi kusema ukweli, sitasema uongo."

Halafu ndipo ushahidi. Zote mbili ziwepo, kusema ukweli *na* kutosema uongo, na kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Hakimu akiandika tu "nimeridhika mtoto anajua umuhimu wa ukweli", ameandika maoni yake. Sheria ya sasa inataka ahadi ya mtoto.

Kalamu Nyeusi:

Nashukuru sana. Hukumu yangu inasema mtoto alitoa ushahidi mwezi Machi 2015, rufaa ikasikilizwa 2019. Kipimo ni kipi?

Baraza la Chini:

Siku ya ushahidi. Machi 2015 ni kabla ya marekebisho, kwa hiyo anapimwa kwa kifungu cha zamani hata kama majaji wameketi 2019. Ndiyo maana hukumu za karibuni bado zinalitaja neno hilo. Kuna mashauri ya zamani yaliyokuwa njiani, na kuna mawakili wanaoliita hivyo kwa mazoea hata wanapozungumzia ahadi.

Umri nao vilevile: unatazamwa umri wa mtoto siku anapopanda kizimbani, siyo siku ya tukio. Aliyetendewa akiwa na miaka 13 na kusikilizwa akiwa na 15 anaapishwa kawaida. Hili linachanganywa mno.

Tahadhari ndogo: angalia ni toleo gani la sheria linalonukuliwa. Vifungu vidogo vya 127 vilisogea namba baada ya 2016, hivyo "127(7)" ya hukumu ya zamani na "127(6)" ya hukumu mpya vinaweza kuwa kitu kimoja, yaani kile kinachoruhusu kumtia mtu hatiani katika kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mahakama ikieleza sababu za kumwamini. Nakili namba kama ilivyo, usiisahihishe.

Pingamizi Limekubaliwa:

Mimi nichukue la mauaji. Hapo Kiswahili kipo tayari, na kimekomaa: kesi ndogo ndani ya kesi. Waliofuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Mbowe na wenzake mwaka 2021 walisoma "kesi ndogo ndani ya kesi kubwa" karibu kila siku magazetini. Usihangaike kubuni.

Inavyokwenda: askari aliyeandika maelezo ya onyo anapanda kizimbani, anayatambua, anaomba yapokelewe kama kielelezo. Wakati huo yaliyoandikwa ndani hayasomwi. Mahakama inamwuliza mshtakiwa kama ana pingamizi. Akisema "nilipigwa", "nilitishwa" au "niliahidiwa kuachiwa", kesi kubwa inasimama palepale. Pingamizi linatakiwa hapo, kabla ya kupokelewa. Akisubiri hadi wakati wa kujitetea amechelewa, na Mahakama ya Rufani ililisema hilo wazi katika Twaha Ali na wenzake, rufaa namba 78 ya 2004.

Kisha mashahidi wanaapishwa upya, kwa jambo moja tu: je, maelezo yalitolewa kwa hiari? Upande wa mashtaka unaanza, kwa sababu kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi kinawapa wao mzigo wa kuthibitisha hiari. Mshtakiwa anafuata. Haulizwi kama aliua. Wakili wa Serikali akianza kumwuliza "ulikuwa wapi usiku ule?", ametoka nje ya kesi ndogo na anatakiwa kuzuiwa. Mwisho mahakama inatoa uamuzi mdogo.

Yanakoharibika ni baada ya hapo. Ikiamuliwa yapokelewe, kesi kubwa inaendelea pale iliposimama, shahidi anarudi kizimbani na maelezo yanatolewa na kupokelewa *kwenye kesi kubwa*. Kuna mahakimu wanaoyapokea ndani ya kesi ndogo na kuishia hapo, kielelezo kinabaki kinaelea. Na yakishapokelewa lazima yasomwe kwa sauti, mshtakiwa asikie. Robinson Mwanjisi, iliyochapishwa 2003, ndiyo inayonukuliwa kila mara kwa mpangilio huo: yakaguliwe kama yanafaa, yapokelewe, yasomwe. Yakisomwa kabla ya kupokelewa ni kosa, yasiposomwa kabisa ni kosa pia.

Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi hufanya jambo hilohilo, ila mara nyingi hukumu huliita uchunguzi. Ukikuta neno hilo kwenye shauri lililoanzia kwa hakimu, usilitafsiri "kesi ndogo" kwa lazima, andika "uchunguzi kuhusu hiari ya maelezo".

Niseme na hili hata kama halikuulizwa. Uingereza, wakati wa *voir dire*, juri hutolewa nje ili wasisikie ungamo ambalo huenda likakataliwa. Hapo mantiki imekamilika. Kwetu hakuna juri. Wazee wa baraza, raia wanaokaa na jaji kumshauri, walikuwa wakitolewa nje Mahakama Kuu, lakini tangu marekebisho ya 2022 si lazima wakae. Anayebaki ni jaji yuleyule: anasikia mabishano yote kuhusu ungamo, analikataa, halafu anatarajiwa kuendelea kana kwamba hakulisikia. Utaratibu tumeurithi, na sababu yake ya kwanza haipo tena.

Wakili wa Pwani:

Kutoka upande wa Mombasa. Kenya hatukufuata njia ya Tanzania ya ahadi. *Voir dire* ya mtoto ipo kamili. Msingi ni kifungu cha 19 cha Sheria ya Viapo na Matamko, Sura ya 15, pamoja na 125 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Umri wa miaka 14 kwetu haukuandikwa kwenye kifungu hicho, ulitoka kwenye uamuzi wa Kibageny arap Kolil wa 1959.

Hakimu anauliza maswali na kuyaandika pamoja na majibu, neno kwa neno, katika nafsi ya kwanza. Johnson Muiruri ya 1983 ndiyo mawakili wengi huanzia. Kosa moja ambalo bado linatokea: mtoto akitoa ushahidi bila kuapa, hakimu anadhani hawezi kuulizwa maswali ya dodoso, yaani yale ya upande wa pili. Anaulizwa. Asiyedodoswa ni mshtakiwa anayechagua kujitetea bila kuapa, huyo ni mwingine.

Kukosekana kwa *voir dire* nako si lazima kuangushe kesi. Mahakama ya Rufani ilipokaa Mombasa 2016, katika Maripett Loonkomok, ilisema hatia inaweza kusimama ikiwa upo ushahidi mwingine huru wa kutosha. Kwa maelezo ya onyo, kifungu cha 25A kimeyabana: ungamo liwe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo na mwenye cheo kisichopungua Inspekta, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Kwa hiyo kesi ndogo zetu huuliza pia: huyo mtu wa tatu alikuwepo?

Mswahili wa Minnesota:

La Marekani kwa kifupi, maana Waswahili waliopata uraia huku huitwa kwenye juri na wengi hushtuka. *Voir dire* hapa ni mchujo. Kundi kubwa huitwa, huapishwa kujibu kwa kweli, kisha jaji na mara nyingi mawakili huwauliza: unamfahamu yeyote kwenye kesi hii, umewahi kuathiriwa na kosa kama hili, kuna kitu kitakachokuzuia kuamua kwa haki? Si tuhuma dhidi yako.

Anayeonekana ana upendeleo huondolewa kwa sababu, na hapo hakuna ukomo wa idadi. Zaidi ya hao, kila upande una idadi ya kuwaondoa bila kutaja sababu. Mahakama za shirikisho, kwa kosa kubwa la kawaida, upande wa mashtaka una watu 6 na utetezi 10. Kosa linaloweza kuleta adhabu ya kifo ni 20 kila upande. Majimbo yana hesabu zao, na Arizona iliufuta uondoaji huo tangu Januari 2022. Hata pasipotakiwa sababu, kumwondoa mtu kwa rangi yake kulikatazwa katika Batson dhidi ya Kentucky, 1986, na kwa jinsia mwaka 1994.

Asiye raia hafai kukaa kwenye juri. Barua ikikufikia usiitupe. Jaza dodoso ueleze kuwa si raia, urudishe.

Hati na Mihuri:

Kalamu Nyeusi, kwa kuwa asili ni "kusema kweli", kwa nini usiandike "kiapo cha ukweli" kote? Fupi, na inabeba historia.

Baraza la Chini:

Napinga kabisa. Kila kiapo cha mahakamani ni cha ukweli, msomaji hatatofautisha. Na kwa mtoto utakuwa umeandika kinyume cha sheria: mtoto wa ahadi *hakuapa*. Wakili akisoma tafsiri inayosema aliapa, atauliza mbona maneno ya kiapo hayapo kwenye mwenendo, na utakuwa umezalisha sababu ya rufaa ambayo haikuwepo.

Kifungu kwa Kifungu:

Naungana naye. Usitafute neno moja, fuata kazi inayofanyika kwenye sentensi. Mtoto kabla ya Julai 2016: "mahojiano ya kupima uelewa wa mtoto". Baada ya hapo: "maswali ya awali na ahadi ya mtoto". Maelezo ya onyo: "kesi ndogo ndani ya kesi". Marekani: "mchujo wa wajumbe wa juri", na usiwaite wazee wa baraza, wazee hushauri, juri huamua.

Pale neno linapoonekana mara ya kwanza, liache *voir dire* kwa mlazo baada ya Kiswahili chake, ili atakayelinganisha na hukumu ya asili aone ulipo. Sentensi yako ya ubakaji basi isomeke: "Mrufani analalamika kwamba hakimu alipokea ushahidi wa shahidi wa kwanza bila kufanya mahojiano ya kupima uelewa wa mtoto, *voir dire*, kama kifungu cha 127(2) kilivyotaka wakati huo." Yale maneno mawili ya mwisho, "wakati huo", usiyaondoe, maana kifungu cha sasa hakitaki hivyo.